Siku Maneno ya Kiingereza Yalipovua Nguo

Kaeni vizuri niwaeleze, na wewe Mishi acha kununa. Mwalimu hakukosea, wala kamusi haikukosea. Neno "light" ni mwanga, ni kuwasha, na ni -epesi pia, bila kuongezwa hata herufi moja. Wewe unaona ni uvivu wa Waingereza. Mimi nikikumbuka jambo lenyewe lilivyoanza, huona haya kwa niaba yao.

Hapo kale, maneno yalipokuwa na miguu na kutembeleana, kila neno lilivaa nguo ya kazi yake. Ya kwetu yanavaa mpaka leo: mwenye kupika huvaa m akaitwa mpishi, na kazi yenyewe huvaa ku ikaitwa kupika. Ukoo wa Kiingereza nao ulikuwa vivyo hivyo. Majina yalivaa majoho na kukaa barazani yakiamkiwa. Vitenzi vilivaa nguo kuukuu, maana ndivyo vilivyofua, vilivyolima na kupika. Vivumishi vilijitanda kanga na kuyasindikiza majina kila yalikokwenda.

Katika ukoo huo alikuwako binti mmoja, jina, akiitwa Laiti. Yeye ndiye hiyo "light" yako, ile ya mwanga. Mama yake alikuwa kitenzi, na kazi yake ilikuwa kuwasha. Kila jioni alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasha taa na meko, na nguo yake haikuacha kunuka moshi. Mama yake mdogo alikuwa kivumishi, na akigusa mzigo tu, huwa mwepesi. Wawili hao ndio waliomlea Laiti kwa jasho lao mpaka akaposwa na wakubwa wa barazani.

Siku ya harusi maneno ya koo zote yalialikwa, na ya kwetu yalikuwepo. Mama alichelewa, kwani ilimbidi awawashie wapishi meko kwanza. Akaja mbio na nguo ile ile, akasimama mlangoni akitabasamu. Mama mkwe akaziba pua, akauliza yule ni nani.

Laiti alimwona vizuri sana. Moyo ulimtuma aseme kweli, lakini macho ya wakwe yalimtia aibu.

"Simjui," akasema. "Labda ni mtumishi wa jikoni."

Watu wote walisikia. Mama hakugomba wala hakulia. Alivua nguo ya kazi akabaki na kanga ya ndani, akaikunja ile nguo, akaiweka kizingitini, akaenda zake. Mama mdogo naye akaweka kanga yake juu ya ile nguo, akamfuata dada yake.

Giza lilipoingia, taa hazikuwaka, kwa kuwa mwenye kuwasha hayupo. Wageni walitaka kuondoka, lakini mizigo yao ilikuwa mizito, haikunyanyuka. Wakakaa gizani, kila mmoja akijua sababu. Laiti alitamani ardhi impasukie.

Mwishowe akapapasa mpaka mlangoni. Aliigusa nguo ya mama yake, akaona hastahili kuivaa. Basi akavua joho lake, na hivyo hivyo, bila vazi la kazi yoyote, akawasha taa moja baada ya nyingine. Kisha akawatwisha wageni mizigo yao, nayo ikawa myepesi mikononi mwake, akiwa ameinamisha uso.

Wazee wa ukoo walitazamana kwenye mwanga ule. Hakuna aliyeweza kumcheka, kwani kila mmoja alikuwa na ndugu yake aliyemficha jikoni. Mkubwa wao akasimama, akavua joho.

"Tusivae tena," akasema. "Tumezipenda nguo kuliko watu wetu."

Na tangu siku hiyo maneno mengi ya Kiingereza hutembea bila nguo ya kazi. Ukitaka kujua neno ni jina, kitenzi au kivumishi, litazame limesimama wapi na linafanya nini.

Laiti alimtafuta mama yake mpaka akazeeka. Maneno ya kwetu yalirudi nyumbani na habari ile, na jina la binti yule likabaki vinywani mwetu. Ndiyo maana hata sasa mtu akijutia jambo lisilorekebishika, humtaja yeye: laiti ningalijua, laiti ningalisema. Mama yake hakurudi kuyasikia majuto hayo.