Manju Aliyeshindwa Kuimba

Kidonge cha shavuni hakiui minyoo. Wajukuu zangu waliisikia asubuhi kwa Holo, mgawa dawa, wakanikodolea macho wakitaka asili yake. Methali hii ilianza hivi, nikawaapia, na ni kweli tupu kuanzia pembe hadi kwato. Mkinikuta na uongo, hata wa ukubwa wa chawa, niamuruni lolote, nitalitenda.

Wakati huo Holo alikuwa msichana, hana mvi hata moja. Kijiji chetu kililima mpunga, na mlima mpunga hushinda kwenye majaruba, maji yamemfika magotini. Humo mna konokono, na penye konokono hao pana kichocho, ugonjwa wa minyoo ya damu. Vijana walikojoa damu, wazee wakawapongeza: “Sasa umekuwa mwanamume!” Holo hakupongeza mtu. Kaka yake Masalu alipongezwa vivyo hivyo, na miaka michache baadaye akazikwa tumbo limevimba kama ngoma. Holo alijisemea pale kaburini: hili ni la mwisho.

Kwa hiyo wilaya ilipotafuta mtu wa kugawa dawa, alisimama kabla swali halijaisha. Akapewa boksi la vidonge, ufito wenye alama za kupimia kimo cha mtu ili ajue kila mmoja ameze vingapi, na siku tatu.

Siku ya kwanza watu walipanga mstari, wakanywa uji, wakapimwa, wakatia vidonge mdomoni na kwenda zao. Holo akafurahi, mpaka alipopita nyuma ya ghala. Vidonge vimetapakaa kama punje za mahindi, kuku wanavigombania! Nawaambia, mwaka ule kuku wa kijiji kizima walipona kichocho, na jogoo mmoja akapata nguvu mpaka akawa anavuta plau.

Siku ya pili akahubiri nyumba kwa nyumba. Wapi! Kuku wakashiba tena.

Ndipo akagundua kwamba watu wote walimtazama mtu mmoja: Lushinge, manju wa kikundi cha kulima kwa ngoma. Yeye akianzisha wimbo na kuinua jembe, majembe arobaini huinuka. Yeye akitema, vinywa arobaini hutema.

Siku ya tatu alimwita Manju kabla ya wote. Mzee akapimwa, akatia mdomoni vidonge vinne, akanywa maji, akafuta midomo.

“Ahsante, baba,” Holo akasema. “Sasa tuanzishie wimbo wa kuingia jarubani.”

Manju akatikisa kichwa.

“Mmoja tu. Watu wako wanakungoja.”

“Mmh-mmh.”

“He! Leo umekuwa bubu?” akadakia mkewe kutoka kwenye mstari. “Jana si uliimba mpaka masufuria yakaomba radhi?”

Watu wakacheka. Lushinge hakuwa amewahi kushindwa kuimba mbele ya watu. Akapanua kinywa, “Ooo—” na vidonge vinne vikaruka, vikaangukia miguuni pa jogoo.

“Ni vichungu,” akanung'unika. “Tena damu ile ndiyo uanaume wetu, binti. Unataka kutufanya nini?”

“Masalu naye alikuwa mwanamume, baba. Wewe ndiwe uliyeimba tulipomzika.” Holo akahesabu vingine vinne. “Kidonge cha shavuni hakiui minyoo. Leo siondoki hapa mpaka uimbe.”

Lushinge akavipokea. Akameza kimoja kimoja, uso umekunjamana, kisha akaimba. Sauti ilivuka majaruba yote. Mstari mzima ukameza, kila mmoja akiimba akishamaliza, na hadi leo hapa kwetu hakuna anayeachiwa kuondoka kwenye ufito bila kuimba.

Nikajifuta jasho, nikangoja sifa.

“Babu,” akasema Kabula, mkubwa wao, “shuleni tumefundishwa kuku hawapati kichocho hiki.”

“Na jogoo havuti plau,” akaongeza mdogo wake.

“Basi, hapo palizidi chumvi,” nikakiri. “Niamuruni.”

“Vua kofia.”

“Kofia ya nini tena? Asubuhi niliimba, mlinisikia wenyewe!”

“Tulikusikia. Tukakuona pia. Vua.”

Nikavua. Vinne, vizima, vikavu kabisa. Wakaniletea viazi na kikombe cha maji, wakanizunguka kama askari. Nikameza cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, kisha nikaimba beti mbili. Wakadai wa tatu, nikalipa. Kidonge cha shavuni hakiui minyoo, wala cha kofiani.