Miguu ya Ndege ya Wachuka

Kila jambo lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ule wa kuingilia huwa mpana, na aghalabu pana watu kizingitini wakipiga makofi. Ule wa kutokea huwa mwembamba, na mtu huupita peke yake, tena akiwa ameinama. Mzee Hezekiah Theuri wa Mweiga alikuwa amewafundisha watoto wa watu jambo hilo kwa miaka mingi, chaki mkononi na kiboko mezani. Lakini kufundisha ni kitu kimoja na kufundishika ni kingine.

Mzee Hezekiah alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Ingawa siku hizi alilima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa, hakutoka nje ya lango lake bila tai shingoni, na kila mtu, hata mwenye mvi, alimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa neno moja. Akisema atafika saa mbili, watu hawakutazama saa; walimtazama yeye akitokea, wakajua kuwa ni saa mbili. Aliishi na mjukuu wake, Wachuka, aliyekuwa amehitimu ufundi wa umeme mjini Nyeri. Msichana huyo alikuwa amegeuza nusu ya ghala la viazi kuwa karakana yake. Humo alitengeneza ndege.

Zilikuwa ndege za povu, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni zisivunjike njiani. Wachuka aliliomba madukani, akalikata kwa waya wenye moto, akaliunganisha kwa gundi, akatia mota, betri na rafadha inayozunguka kama feni, kisha akairusha ndege yake kwa mkono na kuiongoza kwa rimoti akiwa amesimama shambani. Kubwa kuliko zote ilikuwa na mabawa yenye urefu wa mlango, na tumboni ilibeba kamera. Ndege hiyo ilikuwa imebeba pia riziki yake. Bi Fardowsa, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, alikuwa amepata habari zake. Ng'ombe wa mama huyo walitawanyika nyikani na wachungaji wakachoka kuwatafuta. Kama ndege ingeweza kuruka, kuwatazama na kurudi chini ikiwa nzima, Wachuka angepata kazi ya kudumu. Walikubaliana aende kuionyesha Jumanne fulani.

Tatizo lilikuwa moja. Hadi wakati huo ndege za Wachuka zilitua kwa tumbo, zikateleza shambani kama bata kwenye tope. Kwa ndege isiyobeba kitu, hilo halikuwa neno. Lakini kamera iliyo tumboni ingepasuka kioo mara tu ndege inapogusa ardhi. Ndege ilihitaji miguu, na miguu ilikuwa haijapatikana.

Katika nyumba alimolelewa Mzee Hezekiah, mtoto hakusifiwa akisikia, asije akavimba kichwa. Kwa hiyo, kila alipopita karakanani, neno lake kwa mjukuu wake lilikuwa lile lile: "Umefagia?" Lakini alipokuwa mbali na nyumbani, sifa za Wachuka zilimfurika kama maziwa yaliyoachwa jikoni bila mwangalizi.

Siku moja baada ya ibada, wazee wa kanisa walikutana kupanga sherehe ya kuweka jiwe la msingi la jengo jipya. Sherehe hiyo ilikuwa ifanyike Jumapili iliyotangulia Jumanne ya Nanyuki. Wamae, rika la Mzee Hezekiah na mpinzani wake katika kila jambo tangu ujana, alisimama akiwa amejaa fahari tele.

"Mwanangu analeta mahema kutoka Sagana," alisema. "Na vipaza sauti. Hata walio mbali kule Skuta watasikia mahubiri."

Watu walipiga makofi. Mzee Hezekiah alihisi makofi hayo yakimchoma kama upupu. Akainuka, akanyoosha tai yake.

"Mahema hata kwenye mnada yapo," alisema. "Mjukuu wangu ataleta ndege. Itaondoka ardhini kwa miguu yake, izunguke kanisa, irudi na kutua kwa miguu yake mbele ya wageni wote. Nimesema mimi."

"Ndege ya povu?" Wamae aliuliza. "Lile la kufungia televisheni?"

"Wewe nawe uliumbwa kwa udongo, Wamae, na bado unatembea."

Wazee waliangua kicheko, makofi yakahama upande. Mzee Hezekiah aliketi akiwa mrefu kuliko alivyosimama.

Wachuka alizipata habari hizo asubuhi iliyofuata, alipopeleka maziwa. Alirudi na mkebe mtupu, akamkuta babu yake akisoma gazeti kibarazani.

"Guka, ati nitatua mbele ya wageni wa kanisa?"

"Nani amekuambia?"

"Mama anayepima maziwa. Ameniuliza kama ndege itahitaji askari wa kuilinda."

"Basi umesikia."

"Guka, kupaa si kazi. Hata mfuko wa plastiki hupaa upepo ukiupiga. Kazi ni kutua. Miguu bado sijaipata."

"Miguu haipatikani, hutengenezwa," alijibu Mzee Hezekiah, akakunja gazeti. "Na muda unao."

Wachuka hakulelewa kumkatalia babu yake. Alikwenda ghalani, na kwa mara ya kwanza babu yake akamfuata, mkononi ameshika kipande cha chuma kinene kilichobaki alipojenga zizi.

"Mguu imara ni mguu usiopinda," alisema. "Tumia hiki."

Wachuka alikipima kwa macho, akatii. Alikichomeka chuma kile ndani ya povu, akakimiminia gundi, akangoja ikauke. Walipoijaribu ndege uani, iligusa saruji mara moja tu. Chuma hakikupinda hata kidogo. Kiling'oka chote, pamoja na bonge la povu, kama jino linalotoka na ufizi wake, na tumbo la ndege likabaki wazi.

"Chuma hakikuvunjika, Guka," Wachuka alisema kwa upole, akiokota vipande. "Kilichovunjika ni kile kilichokishikilia. Povu ni laini. Mguu ukikataa kupinda, pigo lote linaliendea povu."

Mzee Hezekiah alikirudisha chuma chake zizini.

Kuanzia hapo Wachuka alifanya kazi kwa njia yake. Alichukua waya wa springi, mwembamba lakini mkaidi, akaukunja kwa koleo na kuuzungusha mahali pa goti ili upinde na kunyooka tena. Waya huo aliufunga juu ya kibao cha plaiwudi chenye upana wa kiganja, ili uzito usielemee mahali pamoja. Hata kibao chenyewe hakukigandisha kwa gundi. Alikifunga tumboni kwa vipira, vile vya kufungia mboga sokoni, ili pigo likiwa kubwa mno, miguu ichomoke na kuliacha tumbo salama. Magurudumu aliyachonga kutoka ndara kuukuu, madogo kama vifuniko vya chupa, ndege isiwe nzito. Kisha akaiinua ndege hadi kiunoni, akaiachilia. Ilianguka kwenye saruji, magoti yakapinda, ikadunda, ikasimama wima.

Mzee Hezekiah aliitazama kwa muda mrefu. Akakohoa.

"Umefagia?" aliuliza.

"Nimefagia, Guka. Lakini sikiliza. Hii ni miguu ya mahali palipo wazi, kama changarawe ya Nanyuki. Nyasi zikiwa ndefu zitayakamata magurudumu na ndege itabinuka kifudifudi. Uwanja wa kanisa uko vipi?"

"Ng'ombe wa Mathenge hulishwa pale kila siku. Nyasi ni kama zulia."

"Umeenda kuziangalia?"

"Nimekuambia ni kama zulia."

Jumapili ilipowadia, mawingu yalikuwa yameifunika milima ya Nyandarua na umande ulikuwa mzito. Mzee Hezekiah aliingia lango la kanisa akiwa na suti yake ya kijivu, Wachuka nyuma yake amekumbatia ndege. Wakasimama ghafla. Uwanja ulikuwa kijani kibichi, nazo nyasi zilikuwa zimeota hadi nusu ya muundi.

Mathenge, mtunzaji wa kanisa, aliwajia mbio huku akitabasamu.

"Mwalimu, umeona vile uwanja umependeza? Niliwafungia ng'ombe juma lote. Si heshima wageni kukanyaga samadi."

Mzee Hezekiah alitazama nyasi, akautazama uso wa Mathenge uliokuwa ukingoja sifa. Angesema nini? Mtu alikuwa amefanya hivyo kwa adabu.

"Umefanya vyema," alimwambia.

Mathenge alipoondoka, Wachuka alisogea karibu. "Guka, tuwaambie watu kwamba leo haiwezekani. Ndege yenye kamera ni hii moja tu, na keshokutwa ni Nanyuki."

Mzee Hezekiah alitupa jicho chini ya mahema. Wamae alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkono mmoja juu ya kipaza sauti kana kwamba ni fimbo ya uchifu.

"Kuna njia ya changarawe, kutoka langoni hadi mlango wa kanisa," alisema. "Utapaa pale na utatua pale."

"Na watu?"

"Watu nitawazuia mimi. Nimezuia shule nzima."

Jiwe lilipokwisha kuwekwa na maombi kumalizika, ndege iliwekwa mwanzo wa ile njia. Rafadha ilivuma kama nyuki waliochokozwa. Ndege ilikimbia juu ya changarawe, magurudumu ya ndara yakirukaruka, kisha miguu ikaiaga ardhi na ndege ikapanda, nyeupe dhidi ya mawingu ya kijivu, ikaupita mnara wa kanisa. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee Hezekiah alisimama kifua mbele, na moyo wake ukawa huko juu pamoja na lile povu.

Ndipo watu walipokimbilia njiani. Uwanja ulikuwa na umande, viatu vyao vilikuwa vya Jumapili, na changarawe ilikuwa kavu. Wanakwaya, watoto, wageni, hata wazee wenye bakora, wote walijazana palepale ndege ilipopaswa kutua, shingo zimepinda, macho juu.

"Ondokeni njiani," alinguruma Mzee Hezekiah. Sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha gwaride la asubuhi ilizama katika vigelegele kama jiwe mtoni. Alimvuta huyu, akamsukuma yule. Alipogeuka, mahali alipopasafisha palikuwa pamejaa tena. Alirudi kwa mjukuu wake akihema.

Wachuka hakuiondolea ndege macho. "Betri inaisha, Guka."

"Itue nyasini."

"Itabinuka. Pua itavunjika, na mabawa. Hakutakuwa na Nanyuki." Alielekeza kidevu upande wa ua. "Kule nyuma ya ua kuna shamba la nepia. Nikiizima mota na kuizamisha polepole, majani yataipokea kama kikapu kinavyopokea yai. Lakini hawa watu hawataiona ikitua. Wataiona ikianguka. Neno ulilitoa wewe, Guka. Niambie nifanye nini."

Mzee Hezekiah alimwona Wamae amekinga jicho kwa kiganja, mdomo umeanza kuchanua. Akaiona miaka yake yote ya kutimiza neno, imepangwa nyuma yake kama wanafunzi mstarini. Kisha akaitazama mikono ya Wachuka. Vidole vilikuwa vimeishika rimoti barabara, naye hakuwa akimbembeleza. Alikuwa akingoja amri tu, na angeitii hata kama ingemvunja.

"Ipeleke kwenye nepia," alisema.

Ndege iligeuka. Mvumo ulikatika. Ikainamisha pua kidogo, ikapita juu ya ua na kutoweka.

"Imeanguka," watu waliambiana. Kicheko kilianza kwa watoto, kikapanda hadi kwa wakubwa. "Ndege ya Mwalimu imeona njaa," alisema mmoja. "Imeenda kula majani ya ng'ombe."

Wachuka alitaka kukimbia, lakini babu yake alimshika bega. "Ngoja hapa. Neno lilikuwa langu."

Alipita mwanya wa ua akiwa na suti na viatu vilivyong'arishwa, akaingia katika nepia iliyomzidi kimo. Majani yalimkatakata mikono na umande ukammwagikia hadi mapajani. Alipotokea, tai ilikuwa begani, na ndege ameiinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Pua ilikuwa nzima, mabawa mazima, kioo cha kamera kizima. Miguu tu ndiyo iliyokuwa imechomoka, ikining'inia kwenye kipira kimoja.

"Mwalimu," Wamae aliita, na kipaza sauti kikalipeleka swali lake kila mahali, "si ulituambia itatua kwa miguu yake, mbele yetu sote?"

Palikuwa na watu wa kulaumiwa. Mathenge alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, sasa akianza kuelewa kosa la nyasi zake. Palikuwa na umati. Palikuwa na umande.

"Nilisema," alijibu Mzee Hezekiah. "Nilisema kabla ya kumwuliza mwenye ndege, na kabla ya kuja kuutazama uwanja. Mjukuu wangu aliniambia kazi iko wapi. Sikusikia kwa sababu nilikuwa nikisikiliza makofi. Nyinyi mmeona ndege imeanguka. Mimi nimeona fundi aliyeiokoa ndege yake kutoka mahali nilipoipeleka mimi. Ni fundi hodari, na sijawahi kumwambia."

Wachuka aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Wamae alikiweka chini kipaza sauti chake, akavuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Njoo uketi, rika," alisema. "Umelowa."

Jumanne hiyo, kwenye changarawe ya Nanyuki, ndege iligusa chini, magoti yakapinda, ikadunda, ikasimama. Bi Fardowsa aliomba aone tena, ikasimama tena. Mama huyo alifurahi sana, akamgeukia Mzee Hezekiah kwa heshima. "Mzee, hii ndege yenu inaweza kufika hadi kule kilimani na kurudi?"

Mzee Hezekiah alijaza kifua pumzi, akakitazama kilima, kisha akazitoa pumzi zile taratibu.

"Mwulize mwenye ndege," alisema. Maana sasa alijua kwa magoti yake yaliyolowa ile Jumapili kile alichokuwa akikiandika ubaoni miaka yote: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.