Kesi ya Reli ya Fisi

Kiangazi kilikausha visima vyote vya nyika, ukabaki mto mmoja tu, nyuma ya vichaka. Simba, mkuu wa Shirikisho la Wanyama, akampa Fisi kazi ya kutandika reli ya magogo hadi huko. Mkataba ulikuwa mwepesi: Fisi ajenge njia fupi kuliko zote, naye apewe ardhi ya kandokando yake.

Fisi akajenga. Ila kila alipoona majani mabichi, upande huu au ule, aliipindisha reli iyapitie. Ikawa na kona kama utumbo, na karibu nyika nzima ikawa mali yake. Aliyekatiza hapo kwa miguu aling'atwa. Siku ya uzinduzi Simba alikuja, akanguruma, akapigiwa makofi, akaenda kulala.

Swala alimpakia mkewe mgonjwa kwenye behewa. Mke akafa kwa kiu katikati ya kona, mto ukisikika ng'ambo ya kichaka. Swala akabaki na mtoto, naye midomo imeanza kumpasuka. Hapo ndipo Shirikisho lilipoona aibu, likamshtaki Fisi mbele ya Hakimu Kobe, uwanjani reli inapoanzia. Wakili wa Shirikisho alikuwa Sungura.

"Mtukufu Simba," Kobe aliuliza, "uliipanda reli hii kabla ya kuipokea?"

"Mfalme hapandi magogo."

"Sasa ulipokea nini?"

Simba akajilamba kucha.

Sungura akamgeukia Fisi. "Bwana Mkurugenzi, hii ndiyo njia fupi ya kufika mtoni?"

"Fupi kuliko zote! Naapa kwa kaburi la mama."

"Na hizo kona?"

"Kona ni utaalamu. Wewe wa mashimoni, na masikio yako hayo, utajua nini?"

"Kweli, sijui. Sina swali zaidi. Nasikia tu kiboko amekufa mtoni asubuhi hii, kanona kweli, na tai wameshaanza kushuka."

Mate yakamdondoka Fisi. "Mheshimiwa, naomba kutoka kidogo. Tumbo."

Behewa lilikuwa pale pale uwanjani, tayari kuondoka. Fisi hakulitupia hata jicho. Alikatiza vichakani moja kwa moja, vumbi nyuma yake, mahakama nzima ikimtazama.

"Nimwite shahidi mwingine?" Sungura aliuliza.

"Huyo ametosha," alisema Kobe. Akaamuru ardhi irudi kwa wote, reli ing'olewe na kunyooshwa, na behewa livutwe na Fisi mwenyewe.

Swala hakungoja hukumu iandikwe. Alimwinua mtoto, wakafuata nyayo za Fisi kichakani. Jua lilikuwa bado utosini walipofika. Mtoto akanywa. Kando yao Fisi, tope hadi magotini, alikuwa akimtafuta kiboko.

Njia ya mwongo ni fupi.