Wenyeji wa Tumbo la Simba

Mwaka huo mvua iligoma, nyama ikaadimika, na wanyama wote wakawa wanakula chungu kimoja: kunde, mizizi na mtama usiokobolewa vizuri. Simba naye alikula, ila aliwapa mgongo wenzake ili asionekane.

Siku moja tumbo lake lilinguruma mbele ya wenzake. Fisi akapata pa kuanzia.

"Mfalme, humo ndani kuna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wanakula unachokula."

"Wageni? Nani kawakaribisha?"

"Wamejiingilia tu! Kunywa dawa yangu ya magome, hatabaki hata mmoja."

Fisi hakusema kwamba fungu la chakula la mgonjwa asiyekula lingemwangukia yeye.

Simba akanywa nusu kibuyu. Viumbe wakafa, wabaya na wazuri. Tangu hapo kunde zilitoka kama zilivyoingia, na kila homa iliyopita njia ilianzia kwake. Alikonda hadi ikasemwa hataiona mvua. Fisi alinenepa huku akimpa pole.

Sungura akaja, akatega sikio tumboni. Kimya.

"Umewafukuza wenyeji, Mfalme."

"Fisi kasema wageni!"

"Wamo humo tangu unanyonya. Wanakusagia makapi usiyoyaweza, tena wanawazuia wadudu wabaya wasipate pa kukaa."

Simba akanuna. "Kwa hiyo mgeni ni mimi, ndani ya tumbo langu mwenyewe?"

"Hilo umelisema wewe." Sungura akamsogezea uji wa mtama uliochacha. "Humu wamo ndugu zao."

"Mimi, ninywe uji uliochacha?"

"Basi kufa na heshima zako."

Simba akafumba macho, akanywa. Akaendelea kunywa kila siku, na polepole nguvu zikamrudia.

Sungura akainua kibuyu cha dawa iliyobaki, akasema kwa sauti kubwa, "Tuimwage hii! Inasafisha tumbo mpaka linapata nafasi ya vyungu viwili!"

Fisi akasikia. Sungura alipogeuka tu, kibuyu kikawa kitupu.

Mvua ikanyesha, nyati mzee akafa, karamu ikaandaliwa. Fisi alinyakua paja zima. Hakumaliza hata vipande viwili, akakimbilia kichakani. Akarudi, akakimbia tena. Mwishowe alikuja akijikokota, machozi yakimtoka.

"Mfalme, naomba ule uji."

"Mpeni uji," Simba akasema, akilivuta lile paja. "Hili nitamsaidia mimi."

Fisi akanywa uji taratibu, akiwatazama wenzake wakivunja mifupa.