Kijiti cha Kupimia Asali

Hadithi hii nimetumiwa na dada yangu, nikaona nisikae nayo peke yangu. Ukiimaliza, mpe na mwenzako, hasa aliye kwenye ndoa.

Hapo zamani, katika kijiji cha warina asali, waliishi Mihambo na mkewe Kalunde. Walipendana sana. Kila msimu Mihambo alipotoka msituni, alijaza asali ya mzinga wa kwanza kwenye kibuyu cha Kalunde. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kijiji: asali ya mzinga wa kwanza ni ya mke, na mume haulizi ameitumiaje.

Mwenzake wa kazi aliitwa Msabila. Mihambo alipanda mti, Msabila alishika kamba chini. Kwa miaka kumi kamba ile haikuteleza hata mara moja.

Mwaka huo warina asali walimchagua Mihambo awe kiongozi wao. Msabila, aliyemzidi umri, alipiga makofi pamoja na wengine, lakini moyoni aliumia. Siku ile ile alimwambia mkewe Nyamizi, "Naapa, kitu cha Mihambo hakitavuka mlango wangu tena."

Baada ya wiki chache alimfuata Mihambo.

"Ndugu yangu, mimi si mtu wa maneno."

"Sema tu."

"Shemeji hutoka kila alasiri na kikopo chini ya kanga. Akirudi, kikopo ni kitupu. Labda si kitu. Achana nayo."

"Anakwenda kwa nani?"

"Aa, mimi nitajuaje? Wewe chovya kijiti kwenye kibuyu chake, ukikate alama pale asali ilipofika. Kesho uchovye tena."

Mihambo angeweza kumwuliza mkewe. Lakini alijiambia, "Mtu aliyenishikia kamba miaka kumi hawezi kunidanganya."

Akachovya kijiti, akakificha kwenye makuti ya paa. Siku nne, alama nne, kila moja chini ya mwenzake. Akaacha kula nyumbani.

Siku ya tano, Kalunde alipochukua kikopo, Mihambo alisimama mlangoni.

"Leo huendi. Funga vitu vyako, nikurudishe kwa baba yako."

"Nimekosa nini, mume wangu?"

Mihambo akamtupia kijiti. Kalunde akakiokota, akapitisha kidole kwenye zile alama. Akaelewa. Machozi yakamtoka.

"Asali unampelekea nani?"

"Ni siri ya mtu, nimeahidi kuitunza. Lakini Mihambo, ukiwa juu ya mti hutazami chini kuona kama kamba imeshikwa. Unaamini tu. Mimi kwa nini unanipima?"

Mihambo akaziba mlango kwa mkono. Wakakaa hivyo, yeye mlangoni, mkewe chini, mpaka jua likaanza kushuka.

"Hodi!"

Alikuwa Nyamizi, mke wa Msabila, amembeba mwanawe mdogo. Mkono wa mtoto ulikuwa umeungua kwa uji wa moto.

"Kalunde, mbona leo hukuja? Mtoto amelia mchana kutwa. Asali ya kumpaka imekwisha."

Mihambo akageuka. "Msabila anajua inatoka hapa?"

"Hajui, shemeji. Kalunde hunikabidhi njiani, hafiki kwangu. Ameapa kitu chako kisiingie kwake, ndiyo maana nikamwomba Kalunde asimwambie mtu. Mume wangu nilimwambia inatoka kwa kaka yangu. Kila asubuhi anampaka mtoto mwenyewe, na anaisifu kweli kweli!"

Mihambo akakaa chini kando ya mkewe. Akachukua kijiti, akakivunja.

"Kalunde, nisamehe."

"Nitakusamehe njiani," alisema Kalunde, akijifuta macho. "Jaza kikopo kwanza, mtoto anaumia."

Wakaenda wote. Msabila alikuwa uani akisuka kamba. Alipoona kikopo mkononi mwa Mihambo, kamba ikamtoka mikononi. Hakuna aliyemgombeza. Mihambo aliweka kikopo mbele yake tu.

Mtoto akanyoosha mkono. "Baba, nipake."

Msabila akapiga magoti, akaanza kumpaka mwanawe ile asali, na machozi yakamdondoka hadi alipomaliza.

Funzo: Usimpe mleta maneno imani ambayo unamnyima anayekupenda, kwa sababu mkono unaousingizia ubaya huenda ndio unaotibu watu kwa siri.