Kwikwi ya Mtoto wa Mishi

Sogeeni karibu, na anayesinzia agutushwe kwa kiwiko, maana ngano inaingia.

Zimwi la miguu mitano lilikikalia kisima cha kijiji. Likasema, "Nipigieni ngoma nicheze niridhike, nitaondoka. Nikianguka mara tatu, namla mpigaji!"

Akatoka Mishi, fundi wa ngoma, mtoto mgongoni. Akapiga mapigo manne manne. Mguu wa tano ukabaki hewani, zimwi likaanguka, pu! Akapiga sita sita. Likajikanyaga, pu! Mishi akachanganyikiwa. Manne yanapungua, sita yanazidi, na matano mikono yake haikuyazoea kabisa. Akaanza tena yale manne, na huku mtoto kashikwa na kwikwi.

"Nyamaza, mwanangu, unanivuruga!"

Du, du, du, du, kwi! Du, du, du, du, kwi!

Mishi akakodoa macho. Kila kwikwi ikilia, mguu wa tano unatua! Akaacha kushindana nayo, akawa anaisubiri. Zimwi likacheza, likacheka. Mara kwikwi ikakatika. Mguu ukaning'inia hewani, kijiji kizima kikaziba macho. Mishi akapiga mwenyewe: du!

Zimwi likaenda zake likicheza, likauliza kwa mbali, "Wee Mishi, nani kakufundisha?"

"Usipige kelele, Babu Zimwi. Mwalimu wangu amelala."