Waliomo Katika Maneno ya Kokushubila

Huko Karagwe alikuwako mkulima wa kahawa, jina lake Kaijage, naye alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Kokushubila. Mwaka ambao kahawa ilikauka, alimpeleka binti huyo kwa shangazi yake Korogwe ili asome. Mtoto alikuwa na miaka saba. Mama yake alimfungia nguo mbili, akabaki amesimama barabarani.

Shangazi alikuwa mkata mkonge, hutoka alfajiri na kurudi jioni. Basi mtoto alilelewa na jirani, mwanamke wa Kisambaa aitwaye Mama Nakiete. Kokushubila alipokua akawa mwalimu Kilolo, akaishi na Wahehe miaka kumi na minne, na huko akaanza kuandika hadithi. Watu walizipenda. Lakini kila alipoulizwa, "Wewe hasa ni mtu wa wapi?" alijibu haraka, kisha moyo ukamuuma, kwa kuwa kila jibu lilimwacha mtu nje.

Kaijage akafa. Kokushubila alifika akakuta ameshazikwa. Ukoo ukamwomba aandike maneno ya kumuaga baba yake, ayasome siku ya kuanua matanga. Akaandika. Alianza kwa salamu ya Wahehe, "Kamwene." Kisha akasema kwamba mkonge hungoja miaka mingi, ukatoa mlingoti mmoja wa maua, halafu ukafa, na kwamba baba yake naye alikuwa na mtoto mmoja tu, akamtoa.

Baba yake mkubwa, Rwegoshora, alisomewa kwanza, akasikiliza amekunja uso.

"Ndugu yangu aliishi kwenye migomba," akasema. "Mkonge unamhusu nini? Ondoa ya watu, ubakize yetu. Au na wewe umeshakuwa wa watu?"

Neno hilo lilimchoma. Aliogopa kuhesabiwa mgeni kwenye matanga ya baba yake mwenyewe. Akachukua kalamu, akafuta. Yakabaki majina ya mababu, shamba la kahawa, na shukrani kwa waliofika. Yote yalikuwa ya kweli, wala hapakuwa na kosa.

Asubuhi alimsomea mama yake, ambaye hakujua kusoma, naye alikuwa akimenya ndizi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaona mistari iliyokatwa karatasini, akataka kusikia na yale yaliyofutwa. Walipofika kwenye mkonge akamsimamisha.

"Hilo nani alikufundisha?"

Kokushubila akamweleza. Mwaka wa kwanza kule Korogwe aliugua surua siku kumi na moja. Mama Nakiete hakuwa na wa kumwachia, hivyo alimbeba mgongoni hadi shambani, akamwonyesha ule mlingoti wa maua na kumsimulia habari zake, ili aache kulia akitaka kwao.

Mama akaweka kisu chini. Barua za shangazi hazikuwahi kutaja ugonjwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akijiuliza ni nani aliyekuwa akimpakata mwanawe akiumwa, na hakuthubutu kumuuliza mtu.

"Usimfute huyo," akasema. "Alikubeba mimi nikiwa mbali. Naye aje ndani ya maneno yako, amuage mume wangu."

Siku ya kuanua matanga Kokushubila akasoma yale ya kwanza. Aliposema "Kamwene," watu walitazamana, na mama yake, ambaye hakuwahi kufika Kilolo, akaitikia kwa sauti. Rwegoshora aliinamisha uso mpaka mwisho, wala haijulikani alikuwa akiwaza nini. Lakini tangu siku ile, Kokushubila akiulizwa ni mtu wa wapi, hakujibu tena kwa haraka. Alimwambia muulizaji aketi, kwa maana jibu lina watu wengi.

Nanyi mnaotaka mtu awe wa nyumba moja tu: kati ya waliomlea, mnamwambia amtoe nani nje?